Ruba wa ziara ya sita

Jumamosi tumerudi kijitoni, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki. Kibali kilekile, beseni jeupe lilelile, na mpwa wangu ambaye siku hizi anavaa buti kabla sijamwita.

Tulianza na kasi ya maji. Boya letu ni chungwa. Ukitokea Muheza kifaa hicho hununui mbali. Chungwa huzama karibu lote, kwa hiyo upepo hauna pa kulisukumia. Mita 10 za kamba: sekunde 25, 27, 26. Upana mita 1.8, kina cha wastani sentimita 14. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo nazidisha kwa 0.85: kama lita 82 kwa sekunde. Chungwa la tatu lilituponyoka. Kijito kinaingia mto Zigi, na Zigi unajaza bwawa la Mabayani, linalolisha Tanga maji, kwa hiyo wenzetu wa Tanga wakiliona wajue lina wenyewe.

Kisha wadudu, ambao ndio hasa wananitoa nyumbani. Natumia miniSASS, njia ya Afrika Kusini ya kupima usafi wa maji kwa wadudu wake: unapekua mawe huku umekinga wavu kwa chini, kila kundi la wadudu lina alama zake, unatafuta wastani. Wastani ukipanda, maji ni masafi zaidi. Tulipata wale wa mikia mitatu (11) na ndugu zao wanaoogelea kama visamaki (5), buu wa kijumba cha changarawe (9), kaa (6), mtoto wa kereng'ende (6). Jumla 37 kwa makundi matano, yaani 7.4. Nilishaanza kufunga daftari.

"Mjomba, na huyu?"

Ruba. Alama 2. Sasa ni 39 kwa sita: 6.5.

"Tukimrudisha, maji yanakuwa masafi tena?"

Nilicheka, lakini penseli niliishikilia hewani muda usio wa haki. Ziara tano zote hatujashuka chini ya 7, na nimejisifu nazo kijiweni. Ruba mmoja hathibitishi uchafu. Makundi yakiwa machache, kila anayeongezeka anauvuta wastani. Bado niliandika 6.5, nikampiga picha, ndipo tukamrudisha. Mwezi ujao tutachota pia upande wa juu wa kivuko, maji yanakotokea, tulinganishe.

Ruba wa pili tulimkuta ndani ya soksi yangu. Hakubadilisha kitu: yanahesabiwa makundi, si vichwa.