Siku nne Bagamoyo, nikitafsiri Roho

Nililiona neno lenyewe tukiwa kwenye foleni ya Tegeta. Coaster imesimama, kijana anatusukumia karanga dirishani, na mimi napitia vitini vya semina ya viongozi wa makanisa ambavyo wageni wamekuja navyo kutoka Marekani. Ukurasa wa nne, mstari wa tatu: "Mzimu Mtakatifu." Nikafunua wa tano: Mzimu. Wa sita: Roho, afadhali. Wa saba: Mzimu tena.

Mtu wao huko kwao alikuwa amevipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Kiingereza cha zamani kina jina la Roho Mtakatifu ambalo siku hizi watu hulitumia kwa mizuka, na programu ikafanya ilivyoweza. Vitini sabini, vimejalidiwa vizuri, jalada lina picha ya njiwa. Na tunakwenda Bagamoyo, mji wa pwani ambako mzimu si fumbo, ni mahali: mbuyu, kitambaa chekundu, kijungu cha ubani. Nikamwambia kiongozi wao, mchungaji mstaafu wa miaka sabini na kitu, kwamba tuna tatizo. Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla na kuniuliza kama nina kalamu.

Tulikuwa nazo tatu. Usiku ule nyumba ya wageni, yeye, mkewe na mimi tulikaa barazani tukikata Mzimu na kuandika Roho juu yake, nakala baada ya nakala. Mkewe hajui Kiswahili hata neno moja, lakini kufika saa tano alikuwa akiliona hilo neno haraka kuliko mimi.

Niseme wazi kwamba sikwenda na moyo mweupe. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza Dar es Salaam, na kila Julai, likizo za kwao zinapoanza, makanisa hunitafuta nitafsiri. Timu huja, hufundisha siku tatu au nne, hugawa vyeti, hupiga picha na watoto, huondoka. Wachungaji hukaa wakipiga hesabu ya tiketi za ndege za watu sita wakitabasamu, na hesabu hiyo hawaisemi mbele ya mgeni. Safari hii walikuwa sita kweli: mzee na mkewe, muuguzi, fundi bomba na vijana wawili wa chuo. Mada yao: huduma inayoongozwa na Roho.

Barabara baada ya Bunju ikafunguka. Mapinga, Kerege, Kiromo, minazi, na tumefika. Maana ya jina Bagamoyo sitaieleza. Kila kijitabu cha watalii kimeshaieleza, kila kimoja kivyake.

Viongozi walifika kama sitini, kutoka Kiwangwa, Msata, Miono, Lugoba, Zinga. Wengi Wapentekoste, Walutheri wachache, Waanglikana wawili waliokaa pamoja nyuma. Siku ya kwanza ilikwenda kama siku za kwanza zote zinavyokwenda. Mzee alifundisha 1 Wakorintho 12, karama tisa, na tulipofika "tafsiri za lugha" ukumbi mzima ukanigeukia. "Mtumishi, yako hiyo!" Nikawaambia yangu nimeilipia ada.

Mzee akasimulia Los Angeles mwaka 1906, mtaa wa Azusa, na William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliyesimamia ibada ambazo weusi na weupe walipiga magoti pamoja. Watu wakaitikia Amina. Ndipo mchungaji mmoja mzee, mzaliwa wa Kagera aliyeolea Pwani, akaomba kuongeza. Akaeleza uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Bukoba miaka ya 1930, na jinsi babu yake alivyotembea nusu siku kurudisha shoka aliloiba. "Huko kwetu Roho alipokuja," alisema, "kitu cha kwanza kilichosikika hakikuwa kelele. Ilikuwa milango kugongwa, watu wanarudisha vitu." Nilipomaliza kutafsiri, mzee wa Marekani alikuwa anaandika.

Siku ya pili ndipo alipotaka tunyamaze. Somo lilikuwa kusikiliza kabla ya kumwombea mtu: kaa kimya, mwulize Mungu, ndipo ufungue kinywa. "Dakika tatu," akasema, nami nikatafsiri nikijua tunakoelekea. Wapentekoste wetu huomba kwa sauti, wote kwa pamoja, na anayenyamaza hudhaniwa amepoa. Nusu dakika ikapita salama. Ikaanza mikohozi. Mtu akanong'ona "Yesu, Yesu," akakanyagwa mguu na mkewe. Kusi lilikuwa linavuma na bati moja pembeni lilikuwa likiinuka na kujipiga, likiinuka na kujipiga. Bodaboda ikapita. Kisha adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani, na kwa kuwa tulishakubaliana kuzima spika kila inapolia, kimya kikaongezwa dakika nyingine tatu ambazo hazikuwa kwenye ratiba.

Adhana ilipoisha mzee aliuliza nani amesikia nini. Akasimama mwinjilisti wa Dunda, mvuvi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Akanukuu Yohana 3: "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia." Mzee akafurahi, akaeleza kwamba kwa Kigiriki upepo na roho ni neno moja. Nikatafsiri.

"Hata sisi," mvuvi akajibu. "Upepo na pepo."

Ukumbi ukatulia. Pepo ndio hao wanaokemewa kwenye mkesha kila Ijumaa. Mzee akanitazama, anasubiri. Kumfafanulia mtu kwamba neno moja kwetu linabeba pepo za baharini, pepo wachafu, na bado watu tunataka kwenda peponi, si kazi ya sentensi moja. Mvuvi akaningoja, kisha akaendelea: "Mimi nikiwa majini na kitu kinaanza kuvuma, sijui kama ni kusi la kawaida au ni jambo jingine. Namtazama nahodha aliyetangulia. Sasa huyu kijana wa kanisani kwangu anayevumiwa kila siku, anamtazama nani?"

Somo la kupambanua roho lilikuwa limepangwa kesho yake. Mzee alifunua kurasa zake mbili, akazitazama, akazifunga.

Kesho yake alianza na kanuni aliyoisema taratibu ili nisipoteze neno: unapomwombea mtu, usiseme "Bwana asema hivi." Sema kwa namna inayomwachia mtu nafasi ya kupima, maana Paulo ameandika manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Usimwambie mtu nani wa kuoa. Usimwambie mgonjwa aache dawa.

Hapo Mama Mchungaji wa Msata akanyanyuka. Alikuwa na muumini, mama wa watoto watatu, aliyeambiwa mahali fulani kwamba amepona, akaacha dozi ya ARV. Hakutuambia mwisho wake, alisema tu, "Watoto ninao mimi." Mwingine akakumbusha Moshi, Februari 2020, watu 20 waliokufa wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Hakuna aliyeitikia Amina.

Basi ikabaki swali dogo ambalo mgeni alidhani ni langu peke yangu: kwa Kiswahili mtu aseme nini? Nilikuwa nimetafsiri "nadhani." Mlutheri akakataa: nadhani ni ya mvua, nadhani itanyesha. "Nahisi," akasema mwingine. Nahisi ni ya homa, wakamjibu. "Nimeonyeshwa" ikakataliwa na akina mama wote kwa sauti moja. Aliyeonyeshwa habishiwi, na ndiyo hiyo inayotumika kuwachukulia watu mashamba. "Moyoni nasikia" ilipata wafuasi kidogo. Dakika arobaini. Mzee alikwishakaa, chai yake imepoa, ananiuliza wanasema nini, na mimi namwambia ngoja kwanza, Baba, ngoja. Mwisho ni yule mama wa Msata: "Nimepata neno, lipimeni." Wakalijaribu midomoni. Wakajigawa wawili wawili, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nilikaa chini, maana hakuna aliyenihitaji.

Mchana huohuo niliitwa nyuma ya kanisa kwa jambo la nauli. Askofu mwenyeji alikuwa amewaahidi wachungaji kurudishiwa nauli. Barua ya wageni ilitaja chakula tu. Wageni wana msimamo kuhusu posho, na mtu wa Miono aliyekopa nauli ana msimamo wake pia. Nilikwenda na kurudi mara nne, kila upande nikiulainisha kidogo. Fundi bomba ndiye aliyemaliza: walikuwa wametenga fedha za kwenda kutazama wanyama Saadani, akasema yeye simba hamdai kitu. Zikatoka huko.

Badala ya Saadani tukaenda Misheni, ile ya zamani ya Wakatoliki, kwa miguu, wachungaji kadhaa wakatusindikiza. Msalaba upo karibu na ufuo, ukumbusho wa wamisionari waliofika mwaka 1868. Nilipowaambia wageni kwamba wamisionari hao waliitwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, mzee alisimama. Hakuwa amejua. Tukaona mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza, baada ya watumishi wake, akina Chuma, Susi na Jacob Wainwright, kuubeba miezi tisa kutoka ndani ya bara. Kijana wa chuo akauliza mambo ya Livingstone. Mchungaji wa Kiwangwa akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Na hao waliombeba, usiku ule walilazwa wapi?" Sikuwa na jibu, nikalitafsiri swali.

Makaburini mzee alikwenda kaburi hadi kaburi akisoma miaka. Wengi walikufa vijana, kwa malaria na homa nyingine. Alipomaliza safu moja aliniambia anaona haya kuiita siku zake kumi misheni. Nikamfikishia mchungaji wa Kiwangwa, aliyekuwa akituangalia.

"Mwambie asione haya," akasema. "Mwambie mwakani akae wiki mbili, na vitini tuandike wenyewe."

Tuliondoka alfajiri. Mchungaji huyo alikuwa ameniletea mananasi mawili ya kwao, moja likakaa mapajani mwangu mpaka Makumbusho nilikoshuka. Nyumbani nilitoa kitini kilichobaki kwenye begi, nikafunua tu. Ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, kwenye maandishi madogo, Mzimu mmoja alikuwa ametuponyoka sote watatu.