Kiraka cha Ijumaa

Oktoba 2016 nilikuwa fundi wa seva katika ofisi ndogo ya huduma za mtandao, Chumbageni, Tanga. Seva yenyewe ilikuwa moja, inayoendeshwa na Ubuntu 14.04, aina ya Linux, na humo zilikaa tovuti na barua pepe za maduka, shule na mawakala wa forodha wa bandarini. Kila mteja alikuwa na akaunti yake ya kuingilia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi habari za Dirty COW, udhaifu wa usalama ndani ya Linux, zilipotoka.

Udhaifu huo, uliosajiliwa kwa namba CVE-2016-5195, haukumfungulia mlango mtu wa nje. Ulimtaka awe ndani kwanza, hata kwa akaunti ya mteja mdogo kuliko wote; akishaingia, anajipa mamlaka ya ruti, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Na wateja wetu nawajua: nywila ni jina la duka, basi. Isitoshe, Phil Oester, aliyeugundua, aliukuta tayari unatumiwa na wavamizi.

Kabla ya kumwendea mzee (ndivyo tulivyomwita bosi) nilitaka nishuhudie mwenyewe. Kwenye kompyuta ya majaribio niliunda faili la ruti ambalo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kulisoma tu, nikaendesha programu ya mfano iliyokuwa ikisambaa. Nilipolifungua tena faili, maneno yangu hayapo, kumejaa sifuri. Ruhusa zake ni zile zile, hazikuguswa.

Keneli, kiini cha mfumo wa Linux, ni kama karani wa masjala: ukitaka kuandika juu ya hati usiyo na haki nayo, anakutolea nakala, uchorechore humo. Shambulio lilikuwa kazi mbili zinazokimbizana. Moja inaandika kupitia /proc/self/mem, njia ya programu kuifikia kumbukumbu yake yenyewe, nyingine inaiambia keneli bila kupumzika, kwa wito uitwao madvise, itupe nakala. Nakala ikitupwa katikati ya shughuli, keneli inarudi kuutafuta ukurasa wa kumbukumbu ikiwa imeshafuta alama ya kwamba inakwenda kuandika, inapewa ule wa asili, na inaandika humo humo. Kiraka, yaani marekebisho ya programu, alichokitoa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kilikuwa kifupi: aliongeza alama mpya, FOLL_COW, ili keneli isisahau kwamba nakala ilishatolewa. Katika maelezo yake alisema alishajaribu kuliziba tundu hilo miaka 11 nyuma, marekebisho yakaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390, kompyuta kubwa za IBM. Wapo waliomcheka. Mimi niliona ni uungwana kuyaandika hayo mbele ya dunia nzima.

Nikamfuata mzee.

"Shikamoo mzee. Naomba kuzima seva dakika chache."

"Marahaba. Leo? Meli imetia nanga, mawakala wako kwenye barua pepe toka alfajiri. Ngoja kesho, watu wakienda Ijumaa."

Kesho yake, adhana ilipoanza, nikaagiza keneli mpya, 3.13.0-100. Ikagoma. Sehemu ya /boot, zinakohifadhiwa keneli, ilikuwa imejaa za zamani ambazo hakuna aliyezifuta tangu seva iwekwe. Jasho likanitoka, maana muda wangu ulikuwa urefu wa hotuba na rakaa mbili. Nikaziondoa moja moja, nikabakisha ile inayotumika na moja ya akiba, nikaagiza tena, ikakubali. Nikaiwasha upya seva.

Nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo ni hapo. Kuweka kiraka ni amri moja. Kuizima mashine ambayo haijazimwa miezi na miezi ni jambo jingine. Diski ikaanza kujikagua, asilimia zinapanda kwa kusuasua. Mzee akaingia, kofia bado kichwani.

"Imekufa?"

"Hapana mzee, inajikagua."

Akavuta kiti, akakaa nayo macho kwa macho mpaka ikaamka. Nikaangalia toleo: 3.13.0-100. Nikarudia jaribio lile la faili, safari hii maneno yangu yakabaki kama nilivyoyaandika. Simu ya kwanza ilikuwa ya wakala, anauliza kwa nini barua zake zimekwama.

Dada wa uhasibu, aliyekuwa akisikiliza muda wote, akanyoosha simu yake ya Android.

"Nayo si umesema ni Linux?"

"Ndiyo, dada."

"Basi nitilie hicho kiraka."

Nikamweleza kwamba sina uwezo huo, lazima kitoke kwa waliotengeneza simu. Desemba Google ikatoa cha Android. Yeye hakupata kitu. Aliendelea kutumia simu ile ile, na ndani yake ndiko alikotunzia pesa zake za mtandao.