"Niko sawa"

Niko kwenye matatu ya Rongai, foleni ya Lang'ata haisongi, na bado namfikiria baba mmoja aliyekuja kwangu asubuhi kwa ushauri nasaha. (Ameniruhusu nisimulie.) Karibu dakika 40 alirudia tu, "Niko sawa." Nikamuuliza analala saa ngapi. Machozi yakamtoka. Tangu aachishwe kazi, huamka alfajiri, huvaa tai, hushinda Uhuru Park hadi jioni. Mkewe anadhani amepata mwingine.

Miaka yote ya kazi hii ya ushauri, swali la usingizi limenifungulia milango mingi kuliko maswali ya ndoa. Nilimpa pia 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu, kupiga ni bure, kwa zile saa ngumu za usiku.

Jioni hii anamwambia mkewe. Ninamwombea.