Koti la mvua na jani la gimbi

Uyole, Jumamosi usiku. Mkaa kwenye pasi umeshakuwa majivu na mkono wa kushoto wa koti langu una doa linalong'aa, ukubwa wa punje ya harage. Nitalieleza hilo doa.

Wiki iliyopita nilikwenda Tukuyu kumwona mama. Anayeijua Rungwe anajua mvua ya kule haisubiri msimu. Nilishuka kwenye Kosta, bodaboda wote wakakataa ule mlima kwa sababu ya tope, basi nikapanda kwa miguu na begi la sukari na mchele begani. Nilipofika, blauzi ilikuwa chapachapa ndani ya koti.

"Pole mwanangu," mama akasema, akalinyanyua kwa vidole viwili. "Hili limekufa. Mpe mtu."

Nimpe nani koti linalovuja? Nililinunua mtumbani Mwanjelwa miaka sita iliyopita, na limenitoa mbali. Nikaligeuza ndani nje. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ulikuwa umeshika. Utando wa ndani, ule unaozuia mvua na kupitisha mvuke, haukubanduka. Ungekuwa unachunika kama ganda la kiazi cha kuchemsha, mama angekuwa sahihi. Kilichokunywa maji ni kitambaa cha juu tu. Kikishalowa hivyo, mvuke wa mwili haupati pa kutokea, unagota kwenye ubaridi na kugeuka maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile "mvua" ilikuwa jasho langu mwenyewe.

Asubuhi yake nilisimama penye magimbi ya mama. Matone yalikuwa yanabiringika juu ya majani kama shanga. Nikasugua jani moja kwa kidole gumba, nikadondoshea maji palepale: yakatandaa, yakaganda kwenye jani. Ndivyo nilivyolifanya koti langu, ila mimi nilitumia sabuni ya unga yenye manukato, na juu yake dawa ya kulainisha nguo. Miaka sita! Mabaki ya vitu hivyo hung'ang'ania kwenye kitambaa na kuyaita maji, na dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kiwandani, iliyopo chini yake, haifanyi kazi.

Leo nimelifua upya. Zipu zimefungwa, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo isiyo na mbwembwe, brashi laini kwenye kola na mikono, ambako uchafu wa shingo ulitoka mweusi nikaona aibu peke yangu. Nimesuuza mara nne hadi povu likaisha. Sikulikamua; nimelitundika barazani likachuruzika.

Likishakauka linataka joto, maana joto ndilo linaloiamsha ile dawa. Lebo ina picha ya pasi yenye nukta moja, yaani isizidi nyuzi 110. Umeme ukakatika. Pasi ya mkaa haina nukta, na mimi sikuwa na subira, ndipo mkono wa koti ukapata lile doa. Baada ya hapo nikasubiri mkaa ufifie, nikatandika kanga juu, nikapitisha pasi taratibu bila kukandamiza.

Nimemwagia kikombe cha maji. Mgongoni yamebiringika hadi sakafuni! Kofia hivyohivyo. Begani, pale unapopita mkanda wa begi, yamezama. Pamesuguliwa mno, dawa yenyewe imekwisha.

Mama kwa simu anashauri nipake mshumaa, kama tulivyokuwa tunapaka turubai. Kwa turubai la pamba sawa. Kwa koti hili nta itaziba njia ya mvuke, nirudi kulekule kwenye jasho. Nimemwagiza jirani anayekwenda Dar aniletee dawa ya kupulizia, iwe iliyoandikwa haina florini, maana zile za zamani zenye kemikali hiyo zikishaingia kwenye maji na udongo hazitoki leo wala kesho.

Hadi arudi, begi nitalibeba kichwani.