Kamera juu ya geti la kivuko: kuhesabu vichwa kabla pantoni haijaondoka

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, Ziwa Victoria, ikitokea Bugolora siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa ni 228. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema ndani walikuwamo wangapi, kwa sababu mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini. Hesabu yote ya abiria ilikuwa ndani ya chombo kilekile kilichozama.

Kamera haizuii kivuko kupinduka. Ila kamera moja iliyofungwa vizuri nchi kavu, juu ya geti la kupandia, inaweza kumpa nahodha idadi kabla hajaondoka, na idadi hiyo ikabaki nchi kavu. Vifaa si vya ajabu: ni kamera zilezile za usalama ambazo mafundi wanafunga madukani kila siku. Hesabu huharibikia kwenye namna zilivyofungwa.

Kwanza, itazame chini moja kwa moja. Kamera ya kwenye kona inayotazama watu usoni inafaa kumtambua mwizi. Kwenye kuhesabu inadanganya, maana mrefu wa mbele anamfunika mfupi wa nyuma, na watu watano waliobanana wanaonekana watatu. Kutoka juu, kila kichwa kina nafasi yake.

Urefu wa kuifunga ndio unaokosewa zaidi. Fundi anatazama picha, anaona sakafu yote ya geti imeingia, anakaza skrubu. Lakini vichwa havipo sakafuni. Chukua lenzi inayofungua nyuzi 90. Hesabu yake ni rahisi, upana inaouona ni mara mbili ya umbali. Ukiifunga mita 3.5 kutoka chini, sakafuni inaona mita 7. Kwenye utosi wa mtu wa mita 1.7 umbali umebaki mita 1.8, kwa hiyo inaona mita 3.6. Sasa apite mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani, mdomo wa ndoo ukiwa mita 2.1 kutoka chini. Umbali umebaki 1.4, upana mita 2.8 tu. Geti la mita 3 limeshakatwa pembeni, na mama huyo akipita kando ya nguzo, ndoo yake inamegwa na ukingo wa picha na hahesabiwi. Pandisha kamera hadi mita 4: unapata mita 4.6 kwenye vichwa na 3.8 kwenye ndoo. Geti zima limeingia, na akiba imebaki pande zote mbili. Geti likiwa pana kuliko hapo, ligawe katikati kwa bomba la chuma na kila upande upewe kamera yake, maana picha mbili zikiingiliana, anayepita mpakani huhesabiwa mara mbili.

Kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, nayo ni mtego. Rekoda nyingi hupunguzwa hadi fremu 6 kwa sekunde ili diski isijae haraka. Mtu anayetembea kawaida huenda mita 1.4 hivi kwa sekunde, hapo hakuna tatizo. Lakini mnyororo wa geti unapofunguliwa watu hawatembei, wanakimbilia nafasi. Kwa mwendo wa mita 3.6 kwa sekunde na fremu 6, kichwa kinaruka sentimita 60 kati ya picha moja na inayofuata, na programu haijui tena kama ni mtu yuleyule au jirani yake. Kwa fremu 15 mruko unashuka hadi sentimita 24, na hapo ufuatiliaji unashika. Muda wa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa picha moja, uweke 1/100 ya sekunde. Ukiuacha 1/25, mkimbiaji wa mita 3 kwa sekunde anaacha ukungu wa sentimita 12. Tena 1/100 inaendana na umeme wetu wa hezi 50, kwa hiyo taa hazileti michirizi kwenye picha usiku.

Sasa programu. Kamera nyingi za bei ya kati huja na kazi ya kuhesabu: unachora mstari, kila kinachouvuka kinaongeza moja. Zile zinazotegemea mwendo wa picha peke yake usizifunge kwenye kivuko. Kwao watatu walioshikana ni kitu kimoja, na kivuli kirefu cha saa moja asubuhi ni abiria. Tafuta inayotambua vichwa, au yenye lenzi mbili inayopima kina, ambayo inajua kilichopita kina kimo cha mita 1.6 na kivuli hakina kimo. Wanaopenda kutumia kompyuta ndogo na modeli za bure (programu zilizofundishwa kutambua vitu kwenye picha) wajue kwamba nyingi kati ya hizo zimefundishwa kwa picha za watu waliopigwa kwa mbele au ubavuni, wenye uso, kiwiliwili na miguu. Mtu anayeonekana kwa utosi hazimjui. Itabidi uifundishe upya kwa picha za geti lako lenyewe, kuanzia mia kadhaa hadi elfu moja, ukizungushia kila kichwa kisanduku: chenye kilemba, chenye kofia, chenye mtandio, chenye tenga la nyanya. Picha za siku ya mvua zisikosekane. Mwavuli mmoja hufunika watu wawili, na siku ya mvua ndiyo siku ambayo hesabu ya kamera hushuka wakati watu wamebanana kuliko kawaida.

Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga ni jambo linalostahili kupewa uzito wake. Kutoka juu kichwa chake kinagusana na bega la mama, na mifumo karibu yote huwaona wawili kama mmoja. Hana tiketi, hana nafasi kwenye picha, na bado anahitaji boya. Dawa yake ni mtu: anayesimama getini awe na kihesabio cha mkononi, abonyeze kwa watoto wa mgongoni peke yao, na idadi yake ijumlishwe na ya kamera. Vivyo hivyo kwa magari. Kamera haioni ndani ya basi, hivyo abiria washuke wapande kwa miguu kupitia getini, au karani aandike waliomo.

Mstari wa kuhesabia usiwe mmoja. Chora miwili iliyoachana sentimita 60 hadi 80, na mtu ahesabiwe tu akivuka wa kwanza kisha wa pili. Anayesimama juu ya mstari akimngoja mwenzake, akisogea mbele na nyuma, kwenye mstari mmoja anaweza kuzaa watu wanne. Isogeze mbali na dirisha la tiketi na mbali na muuza maji, kwa sababu watu hawatembei hapo, wanazubaa. Wapagazi na wafanyakazi wapitie mlango wao wa pembeni. Mpagazi anayeingia na mzigo mara 20 na kutoka mara 19 anaacha nyuma yake mtu mmoja, lakini kila kosa dogo kwenye safari zake 39 linaingia kwenye jumla.

Idadi iliyomo ni walioingia kutoa waliotoka, na hapo makosa hujikusanya. Kamera ikihesabu 3,000 walioingia kwa siku na 2,940 waliotoka, jioni una mizimu 60. Usingoje jioni: kila kivuko kikishusha watu wote, mhudumu athibitishe kwa macho kwamba kiko tupu, kisha arudishe hesabu kwenye sifuri.

Kabla ya kuiamini namba yoyote, ipime. Rekodi dakika 15 mara tatu: wakati wa watu wachache, wakati wa msongamano, na siku ya mvua. Watu wawili, kila mmoja peke yake, waangalie picha kwa mwendo wa polepole na kuhesabu. Tuseme wamepita 412 na kamera imesema 389. Ukitoa, kosa ni watu 23, asilimia 5.6, na wengi huishia hapo. Rudi uangalie mmoja mmoja. Huenda kamera ilikosa 41 na ikarudia 18. Makosa halisi ni 59, zaidi ya asilimia 14, na yaliyofutana leo hayatafutana kesho. Andika waliokoswa na waliorudiwa kwenye safu mbili tofauti. Waliokoswa wakiwa wengi, tazama lenzi, mwanga na mafunzo ya modeli. Waliorudiwa wakiwa wengi, tazama mistari na kasi ya fremu.

Kengele ya kuonya kwamba chombo kinakaribia kujaa ndiyo inayohitaji hesabu ya makini kuliko yote. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo huchukulia kwamba kwenye sakafu tambarare hupita watu hadi 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Geti la mita 3 kwa hiyo linaweza kupitisha 246 kwa dakika. Ikiwa kuanzia kengele kulia hadi mnyororo kufungwa zinapita sekunde 30, wameingia wengine 123. Kwenye chombo cha watu 800, kengele inayolia 800 imechelewa. Ilie 650, ukishaweka na kosa la kamera lenyewe. Kwenye chombo cha watu 101 na njia ya mita moja, sekunde 20 tu zinapitisha watu 27, zaidi ya robo ya uwezo wote. Hapo kengele ilie 70, na njia ibanwe ili wapite mmoja mmoja.

Banda la kungojea lina hesabu yake. Hapa unapima watu kwa mita ya mraba, na wastani wa banda zima hauna faida. Banda la mita 10 kwa 12 lenye watu 160 lina wastani wa 1.3, mtu angesema kuna nafasi tele. Lakini 120 kati yao wakiwa wamejibana kwenye mita 10 kwa 3 za mbele, karibu na mnyororo, pale ni watu 4 kwa mita ya mraba. Mwongozo uleule wa viwanja unaweka kikomo cha juu cha wanaosimama kuwa 47 kwa mita za mraba 10, tena eneo likiwa katika hali nzuri. Uchochoro wa Itaewon mjini Seoul, ulikotokea msongamano wa Oktoba 29, 2022 uliochukua maisha ya watu 159, ulikuwa na upana wa mita 3.2 hivi, sawa na geti la kawaida. Gawa sakafu vipande, kila kimoja na kikomo chake, na kile cha mbele kianze kutoa onyo kwenye watu 3 kwa mita ya mraba.

Ili namba hizo ziwe za kweli, chora kwa chaki mraba wa mita 2 kwa 2. Simamisha ndani yake watu 8, kisha 12, kisha 16, na kila mara linganisha na kamera inachosema. Usizidi 16. Kama banda ni fupi na kamera imelazwa ili itazame kwa mshazari, utaona kosa linakua kadiri watu wanavyobanana, na linakua upande mbaya: namba inabaki chini ya ukweli. Andika kosa la kila kiwango na ushushe kikomo cha onyo kwa kiasi hicho.

Umeme ukikatika, hesabu isianze upya sifuri. Programu iandike kwenye diski kila sekunde 5, na swichi ya mtandao inayolisha kamera umeme iwe kwenye betri ya akiba. Kamera ikizimika, kioo (skrini) cha nahodha kisibaki na namba ya mwisho, kionyeshe HAKUNA HESABU kwa rangi nyekundu. Namba iliyoganda ni hatari kuliko kioo cheusi. Usiku zima taa za infraredi za kamera (zile za kuonea gizani) na uweke taa nyingine pembeni, kwa sababu wadudu huzifuata, buibui hufuata wadudu, na utando mmoja mbele ya lenzi unatosha. Pwani, chumvi hula vichwa vya nyaya ndani ya miezi. Vifungwe kwenye boksi lenye mpira. Malori yanatikisa nguzo, basi kila mwezi linganisha picha ya leo na ile ya siku ya kufunga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, inayotumika tangu Mei 1, 2023, na ya Kenya ya 2019 zinahusu picha za watu. Kamera ya utosini inasaidia kwa kuwa haioni nyuso. Weka bango getini, hifadhi namba, na video ifutwe baada ya muda mliouandika.

Mwisho wa kupakia, karani aweke namba tatu kando kwa kando: tiketi, kamera, na watoto waliobonyezwa. Tofauti ya tiketi na kamera ikizidi 5 kwa kila 100, kamba zisifunguliwe. Watu wahesabiwe kwa mkono, na karatasi iliyosainiwa ibaki gatini.