Siku moja maabara na majani yanayopambana na kuvu

Saa 2:00 asubuhi. Vipande vya majani ya Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, vimelala kwenye maji usiku kucha. Ukivipima mara tu baada ya kuvikata unajidanganya, kwa sababu jeraha la wembe nalo huamsha ulinzi. Sasa vimetulia. Namwaga maji, natia luminoli, kemikali inayotoa mwanga, na kimeng'enya kinachoisaidia kung'aa.

Saa 3:00. Naongeza kaitini, na hapa sibanduki kwenye mashine. Kaitini hujenga ukuta wa kuvu. Mmea hauna, kwa hiyo ikionekana tu, mgeni amefika. Tena seli haikai kungoja. Hutoa vimeng'enya vinavyomega ukuta wa kuvu, na vipande vinavyobanduka hunaswa na vipokezi kwenye utando wake: LYK5 hushika, CERK1 hupeleka habari ndani. Kalsiamu huingia kwa kasi, kisha protini ya RBOHD huzalisha oksijeni kali nje ya utando, ambayo hugeuka haidrojeni peroksaidi. Luminoli hung'aa kwa sababu yake, mwanga hafifu ambao jicho halioni ila mashine huuhesabu.

Dakika chache, mchoro wa mwanga huo unapanda mlima. Nusu saa baadaye umeshaanza kushuka. Pembeni yake ni mmea ulioondolewa jeni ya CERK1: mstari umelala kabisa. Kipokezi kimoja tu, na jani zima limekuwa kiziwi kwa kaitini!

Kuvu nazo zinaijua njia hii. Cladosporium fulvum, inayoshambulia majani ya nyanya, hutoa protini ya Ecp6 inayovizoa vipande vya kaitini kabla vipokezi havijavipata, na Avr4 inayoufunika ukuta wake usimegwe. Kwangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba ishara hii ina uzito.

Saa 6:00. Kugandisha sampuli kwenye naitrojeni kimiminika. Kazi ya mikono tu.

Saa 8:00 mchana. Hadubini. Majani yaliyotiwa kaitini jana yameondolewa rangi ya kijani kwa alkoholi na kutiwa rangi ya anilini ya bluu. Chini ya urujuanimno, kalosi, kabohaidreti ya kuziba na kuimarisha, inawaka vidoa vidoa: ndiyo seli ilivyokazia ukuta wake. Navihesabu picha kwa picha.

Saa 10:00 jioni. Mjadala wa homoni, na huwa mkali. Wapo wanaotamani kunyunyizia mimea asidi ya salisiliki, eti kinga ipande. Mimi napinga. Homoni hiyo husaidia dhidi ya kuvu wanaokula seli hai, kama ubwiri unga. Botrytis, kuvu wa ukungu wa kijivu, huua seli kwanza ndipo ale, na huyo huzuiwa zaidi na homoni nyingine, asidi ya jasmoniki pamoja na ethilini. Mara nyingi salisiliki huibana jasmoniki, kwa hiyo unaweza kufunga mlango mmoja ukafungua mwingine.

Saa 11:00. Nadondoshea majani mazima spora za Botrytis, nafunika trei unyevu usitoke. Upana wa madoa tutaupima keshokutwa.