Vanishi ya baraza ilikuwa inabanduka: jinsi nilivyotatua
Masika yamepita na baraza letu la mbao za mvule hapa Kigamboni halijabanduka hata kidogo. Naandika ili mwenye shida kama yangu asihangaike.

Kila baada ya miezi michache vanishi ilivimba malengelenge, kisha ikatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Nilipaka upya mara mbili, nikaongeza mkono wa tatu, wapi!

Safari hii nilikwangua vanishi yote ya zamani, nikaosha chumvi ya bahari kwa maji ya bomba, nikaacha mbao zikauke siku nne za jua kali. Kisha nikapiga msasa namba 80, basi. Siri ilikuwa hapo. Zamani nilimalizia na namba 220, ubao ukawa laini kama kioo, kumbe nimeziba vitundu vyake. Dondosha tone la maji: likikaa duara, bado, ubao ukilinywa, tayari.

Nikapaka mafuta ya kitani yenye rangi badala ya vanishi, mkono mwembamba, na baada ya dakika 15 nikafuta yote yaliyobaki juu. Matambara yake yatandazeni nje yakauke, tafadhali. Yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.